Karatasi Niliyowasomea Majirani

Chumba cha 9, Ghorofa ya Tatu,
Jengo la Matofali Mekundu,
Mtaa wa Nyuma ya Hospitali.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, ukiwa umekaa au umesimama, maana nakujua, kukaa kwako ni kwa kulazimishwa. Hujambo? Mgongo unakuacha ulale siku hizi? Shemeji hajambo? Na Mama, macho yake yanaendeleaje? Kila ninapofunga macho kuomba, naanza na yake kabla ya yangu.

Barua yako ya mwezi wa pili ilinifikia salama. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Picha ya mwanao wa mwisho asiye na meno ya mbele nimeibandika juu ya kitanda, na mama mkwe akipita huisalimia.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nichukue kalamu. Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea: barua hii usimpe mwanao akusomee. Isome mwenyewe, polepole, hata ikikuchukua siku mbili. Kuna mambo humu nataka uyasikie kwa sauti yako, si kwa sauti ya mtoto.

Unakumbuka mwaka ule baba aliposema mmoja abaki shuleni na mmoja arudi nyumbani kusaidia kazi. Wewe ndiye uliyefunga daftari. Hukutoa hata chozi. Aliyelia ni mimi, nawe ukanipa kalamu yako ukaniambia nisome kwa niaba ya sisi wawili. Nikasoma miaka miwili zaidi, basi. Lakini tangu hapo kila neno la Kiingereza linalonitoka mdomoni nahisi nusu yake ni mali yako. Ndiyo maana katika barua zangu zote nilikuwa nakuandikia jinsi watu wa jengo hili wanavyonitegemea, jinsi wanavyoniita Wakili, jinsi hakuna barua ya hospitali wala ya shule inayopanda ngazi hizi bila kupitia mkononi mwangu. Nilitaka ujue kalamu haikupotea.

Dada, nilikuwa najisifu kupita kiasi. Leo nakuja kuirudisha hiyo sifa.

Nyumbani kwetu, kama nilivyowahi kukueleza, tuko wanne na kila mmoja ana lugha yake ya kukimbilia. Shemeji yako na mama yake wanaongea ya kwao. Mimi na huyo mume wangu tunaongea Kiswahili, maana ndicho kilichotuoza. Mimi peke yangu, nikipiga pasi, nanong'ona ya kwetu sisi, ile ya Mama, nisije nikaisahau. Na binti yangu, aliyetimiza miaka kumi na minne, anaongea Kiingereza hata usingizini. Bibi yake akimwita aje kula, yeye hujibu kwa Kiingereza kwamba anakuja, na mama mkwe hunigeukia mimi: "Amekubali, au amenitukana?"

Mwezi wa tatu alikuja karani wa kuhesabu watu, bibi mmoja mwenye viatu vya raba na fomu nyingi. Alitaka kujua kila chumba kinasema lugha gani nyumbani, na Kiingereza mtu anakijua kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hata kidogo. Nilishuka naye ngazi nzima, mlango hadi mlango, nikitafsiri. Mama mkwe alipoulizwa lugha ya nyumbani alisema, "Mwambie hapa tuna moja ya kulia, moja ya kugombana, na ya tatu ya kumwambia yeye tu." Shemeji yako kwenye Kiingereza alisema hata kidogo, akasema kwa fahari kama mtu anayetaja kabila la babu yake. Ilipofika zamu yangu, majirani wamejaa kwenye ngazi, nikasema, "Vizuri sana." Binti yangu alikuwa ameegemea mlango. Alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Nikuambie ukweli wa Kiingereza changu. Cha mdomoni ninacho. Nikisalimia, nikiulizia daktari yuko wapi, nikizungumzia mvua, natiririka kama bomba lililopasuka, na matamshi yangu ni mazuri, hilo wananisifu hata wenyewe. Lakini Kiingereza cha mdomoni na Kiingereza cha karatasini ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Hawafanani hata sura. Karatasini mimi huwa naruka. Nikikuta neno silijui nalipita kama mtu apitaye juu ya dimbwi, nakanyaga lile la mbele ninalolijua, halafu najaza katikati kwa akili yangu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikijaza, na mara nyingi imekuwa sawa, kwa sababu barua nyingi husema jambo lile lile: njoo siku fulani, usichelewe.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa mwezi wa nne jengo letu liliuzwa. Mwenye jengo mpya hatujamwona hadi leo, ila alimtuma bibi wa ofisini kwake, mtu mpole, mwenye faili ya kijani na manukato mazuri. Siku ya Jumamosi akatukusanya uani, penye kamba za kuanikia nguo. Akagawa karatasi, ukurasa mmoja, umeandikwa mbele na nyuma. Akasema wanataka kutengeneza mabomba na paa. Wenzangu wote wakanigeukia kabla hajamaliza.

Nikasoma mbele ya watu. Yalikuwepo mabomba, lilikuwepo paa, ilikuwepo tarehe ya mwisho wa mwezi wa sita. Katikati palikuwa na neno moja ambalo nililijua kutoka kwenye filamu za vita, lile wanalosema askari wanapoweka silaha chini na kunyoosha mikono juu. Nikajiuliza, wapangaji na vita wapi na wapi? Nikajijibu: ni lugha ya adabu tu, wanataka tuwe wapole, tusiwabishie mafundi. Baada yake kulikuwa na mistari minne ambayo, Dada, sikuelewa hata mmoja. Yule bibi akaniinamia akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeelewa. Watu wote wananitazama. Nikasema ndiyo, ndiyo, bila shaka.

Nikawageukia majirani nikasema, "Tunakubali kuwapisha mafundi. Kazi ikiisha tunarudi."

Hiyo "tunarudi" haikuwepo popote. Niliiongeza mimi.

Wa kwanza kusaini alikuwa mzee fundi viatu wa chumba cha pili. Huyu nimekutajia mara nyingi; mjane, yuko kwenye jengo hili mwaka wa ishirini na mbili, na chumba chake ndicho karakana yake. Hajui kusoma kwa lugha yoyote. Bibi alimtolea kidau cha wino, mzee akacheka, akamwonyesha kidole gumba kilichojaa dawa nyeusi ya viatu, akakikandamiza kwenye karatasi. "Wakili akishasema, mimi nina nini tena?" Vyumba kumi na viwili vikasaini, chetu kikiwemo, na cha kwetu nilisaini mimi. Mwisho yule bibi akanipa karatasi nyingine, ndogo, nisaini kama mtu aliyewaeleza wenzake. Nilijisikia mkubwa. Nilitia sahihi ndefu yenye mkia.

Ijumaa iliyofuata, jioni mapema, nilikuwa nakunja nguo. Binti yangu alikuwa anafanya hesabu zake mezani, na nakala yetu ilikuwa pale chini ya kikombe. Akaitoa akaisoma. Akaisoma tena. Akaniambia, na safari hii kwa Kiswahili, jambo ambalo lilinishtua kabla hata ya maneno yenyewe:

"Mama, hapa hakuna kurudi."

Akanionyesha kwa kidole. Lile neno la askari lilikuwa na maana ya kuachia. Tumeachia vyumba. Mistari minne ile ilikuwa inasema tunaachia kwa hiari yetu, moja kwa moja, na hatutadai kurudishwa wala kupewa pengine pa kukaa. Kuwapisha mafundi ni jambo moja; kuachia nyumba ni jambo jingine. Nami niliwauzia watu moja kwa jina la pili.

Unajua nilifanya nini? Utasema nilikimbia chini nikagonga milango. Sikukimbia. Nilifunga dirisha. Kisha nikamshika mwanangu mkono nikamwambia, "Usimwambie mtu. Hata baba yako. Nipe siku moja nifikirie."

Siku moja ikazaa ya pili. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nasema, nikifika kwenye ngazi nakutana na mtu ananiambia, "Wakili, shikamoo," mtu mzima kunizidi ananishikamoo kwa mzaha, na ulimi unakufa. Kazini, kule chumba cha kufulia cha hospitali, nilisimama kwenye mashine ya mvuke nikipitisha shuka moja baada ya jingine, na kila shuka naliona kama karatasi. Mkuu wetu wa kazi alikuwa ameniahidi kunihamishia mapokezi, mezani kwa wageni, kwa ajili ya Kiingereza changu hicho hicho. Siku moja katikati ya hizo akapita akaniambia nafasi imeiva, nijiandae. Nikamshukuru. Kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimebanwa pande zote, Dada. Nikisema, mimi si Wakili tena, mimi ni mwongo aliyewatoa watu nyumbani mwao. Nisiposema, mwisho wa mwezi wa sita utasema wenyewe. Chumba chetu ni hatua sita kwenda na sita kurudi. Nilizihesabu hizo hatua mpaka mama mkwe akaniuliza nimepoteza nini. Na kibaya kuliko vyote ni binti yangu. Alikula, akaenda shule, akarudi, akanyamaza kama nilivyomwagiza. Mtoto kumtii mama yake huwa ni faraja, lakini ule utii niliuogopa.

Siku ya tisa, Jumapili, mzee fundi viatu alipanda ngazi zote tatu na miguu yake ile. Amebeba kipande cha ubao na chaki. Akataka nimwandikie kwa Kiingereza: mafundi wasiguse rafu zake, alizipigilia mwenyewe, atarudi kuzitumia. Akaniwekea ubao mapajani akasubiri, anatabasamu.

Nikaishika chaki, nikaishusha bila kuandika.

"Mzee," nikamwambia, "hutarudi. Hakuna anayerudi. Nilisoma vibaya."

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaichukua chaki mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Ijumaa. Si hii, ile nyingine."

Akahesabu kwa vidole vyake vyeusi. "Siku tisa."

"Ndiyo."

"Kosa la kusoma nimekusamehe hapa hapa," akasema. "Mimi sijui hata kushika karatasi juu ni wapi na chini ni wapi, nitakulaumu kwa lipi? Lakini hizo siku tisa, binti yangu. Hizo ulizisoma vizuri."

Akachukua ubao wake akashuka. Sikuweza hata kumshika mkono kwenye ngazi.

Jioni ile ile nikawaita wote uani. Shemeji yako alikuwa ndiyo kwanza anasikia, pamoja na majirani, na hilo bado hajanisamehe sawasawa. Nilidhani watanipigia kelele kwa ujinga wangu. Haikuwa hivyo. Hawakuamini kama mimi ni mjinga! Mshona nguo wa chumba cha tano, mwanamke ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi wake, alisimama akasema, "Mtu anayeongea Kiingereza kama maji, neno moja litampitaje? Semeni ukweli, kapewa nini huyu?" Na wengine wakaitikia: kapewa nini, kaahidiwa chumba gani kipya, ndiyo maana anapelekwa mapokezi hospitali. Kila nilipoapa kwamba sijui, walisema angalia anavyojua kuapa.

Fikiria hapo, Dada. Miaka yote nimefanya kazi ya kuficha nisichokijua, na nimeifanya vizuri mno kiasi kwamba siku nilipotaka kukionyesha hakuna aliyekiona.

Ikabidi niuthibitishe ujinga wangu. Nilimwita binti yangu mbele, nikampa karatasi, nikamwambia achague maneno aniulize, moja moja, kwa sauti. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tusifanye hivi." Nikamwambia, "Uliza."

Akauliza. Neno la kwanza nililijua. La pili sikulijua. La tatu nilibahatisha, akasema sivyo. La nne mtu mmoja nyuma akacheka. La tano hakucheka mtu. La sita ndilo lile la askari, nami nikasema mbele ya wote nilivyolielewa, mikono juu, silaha chini, na nadhani hata nilinyoosha mikono yangu kidogo bila kujijua. Mwanangu alikuwa analia huku akiuliza, sauti imenyooka kama anasoma gazeti. Mshona nguo, yule yule aliyeanzisha moto, akasema, "Basi. Inatosha, mtoto. Inatosha."

Tulipopanda juu, binti yangu alinawa uso akaniambia, "Mimi nilijua unaruka maneno tangu nikiwa darasa la tano. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyosoma."

Kesho yake tulikwenda ofisini kwa yule bibi, watu saba. Alitupokea kwa upole ule ule, akatoa karatasi yenye sahihi yangu yenye mkia. Kwa sahihi hiyo nilikuwa nimethibitisha kwamba wenzangu wameelewa, sasa ningemwambia nini? Lakini mtu wa mlangoni pale, mlinzi, alitunong'oneza tulipokuwa tunatoka kwamba kuna baraza linalosikiliza mashauri ya wapangaji, na mtu aliyesaini asichokielewa anaweza kuomba sahihi yake ifutwe, mradi aliyemsomea akubali kwamba alisoma vibaya. Yaani mimi. Niandike, nisaini, nisimame nitamke: Kiingereza sikijui cha kutosha.

Nikasaini. Kisha nikaenda kwa mkuu wa kazi kabla hajasikia kwa watu, nikamwambia meza ya wageni ampe mwingine. Alisikitika, nadhani kweli. Niko bado kwenye mashine ya mvuke, na huenda ndipo nitakapozeekea.

Baraza lilikaa wiki iliyopita, chumba kikubwa chenye viti vya plastiki na feni moja inayolia. Walituletea mtafsiri wao, bwana mwembamba mwenye shati lililofungwa hadi kooni. Nilimtazama kama mwizi anavyotazama kufuli. Unajua nilichokiona? Kila alipofika kwenye neno asilolijua, alinyoosha mkono akasema, "Naomba nielezwe hilo neno." Mara tatu ndani ya saa moja! Mwenyekiti akamweleza, yeye akaendelea. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwona mdogo. Nilikaa pale nikatamani kuingia chini ya kiti. Kumbe ndivyo ilivyokuwa ifanyike siku zote, jambo jepesi kama kuinua mkono.

Majirani walisikilizwa mmoja mmoja. Mzee fundi viatu aliulizwa kwa nini alisaini bila kujua, akasema, "Nilijua. Nilimjua aliyenisomea." Mtafsiri alipolirudisha kwa Kiingereza, mwenyekiti aliliandika lote.

Zamu yangu ikafika. Nikaomba nijibu kwa Kiswahili. Nikasema yote: nilivyoruka, nilivyojaza, nilivyonyamaza. Wakili wa mwenye jengo, wakili wa kweli huyo, alikuwa kimya muda wote. Nilipokuwa nageuka kwenda kukaa, akaniambia kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayemfaa mwenzake, kwamba mkoba wangu umeanguka na funguo ziko chini ya meza.

Nikainama. Nikatazama chini ya meza. Nikamwambia asante, na nikamwambia kwa Kiingereza.

Hakukuwa na funguo. Akamgeukia mwenyekiti, akafungua viganja vyake viwili. Hakuhitaji kusema zaidi.

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Sahihi kumi na moja zimefutwa, kwa kuwa wale walisomewa kisichokuwemo. Wanabaki vyumbani mwao na mafundi watafanya kazi wao wakiwemo. Sahihi ya kumi na mbili, ya chumba cha 9, inabaki. Huyu aliisoma karatasi mwenyewe, anaielewa lugha, na alipewa nafasi ya kuuliza akasema ameelewa. Ndivyo ilivyoandikwa, na safari hii nilimwomba yule bwana mwembamba anitafsirie kila neno, hata yale niliyoyajua.

Kwa hiyo, Dada, tunaohama ni sisi tu.

Uani walishangilia, kisha wakakumbuka tupo. Mshona nguo alikuja usiku ule akanipa pazia alilolishona upya, akasema nitalihitaji huko niendako, akaondoka kabla sijamshukuru. Shemeji yako amekwisha kung'oa misumari ya picha na kuziba matundu kwa rangi, yeye na ufundi wake. Sijui anamzibia nani. Hatufokeani. Afadhali angefoka. Mama mkwe amekaa juu ya sanduku lake tangu juzi, anasema yeye hajasaini kitu na hatoki mtu hapa. Tumekwisha tazama vyumba vinne. Kimoja hakina dirisha, kingine hawataki mtu mzee, na popote tuendapo wanatupa kwanza karatasi ya kusaini. Sasa nazisoma hadi mwisho, binti yangu pembeni na kamusi, na ninapokwama nasema nimekwama. Watu wa ofisi hizo hutazama saa. Kimoja tulikikosa kwa sababu hiyo tu, mwingine alikuja akasaini haraka.

Na bado wanakuja! Jumatatu iliyopita kijana wa chumba cha saba kaleta barua ya bima. Nikamwambia, wewe ulikuwepo uani, umeona sijui. Akasema, "Unajua nusu. Mimi sijui hata robo. Nitaenda wapi?" Nikaisoma hiyo nusu, ile nyingine nikamwambia akaulize. Kuna siku nahisi nikifa watanipelekea barua kaburini.

Lakini jana walianza kumwita binti yangu. Mama mmoja alisimama mlangoni akamwita "Wakili mdogo, njoo unisomee." Nikaona mwanangu anavyonyanyuka, shingo imenyooka, uso umejaa ile raha ninayoijua mimi kuliko mtu yeyote, raha ya kuhitajika. Nikasimama katikati ya mlango, nikamwambia yule mama kwa heshima zote kwamba huyu ni mtoto, ana masomo yake, na barua za watu wazima zina mahali pake; nitampeleka mimi mwenyewe kwa yule bwana wa baraza Jumatano. Mama akaondoka amenuna. Binti yangu naye akanuna. Akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba yeye hawezi kukosea kama mimi. Nilielewa kila neno.

Dada, kalamu uliyonipa sikuitumia inavyostahili. Niliifanya fimbo ya kutembelea mbele za watu. Nisamehe. Wewe ungekuwa mahali pangu ungeinua mkono ukauliza. Ndivyo ulivyokuwa hata darasani, mwalimu akikuita kichwa kigumu. Huenda baba alimbakisha shuleni asiyefaa. Usinijibu kwamba si kweli. Jibu tu habari za mgongo wako na macho ya Mama.

Mnisalimie Mama, mwambie nipo, sikumsahau. Mwambie lugha yake bado naisema, ingawa ni kwa mashuka tu. Salamu kwa shemeji, kwa mjomba na miguu yake, kwa wanao wote kuanzia mkubwa mpaka huyo asiye na meno, na kwa jirani yenu wa kisima ambaye hukosi kuniletea salamu zake. Mola awalinde na hila za watu na za midomo yenu wenyewe, awape usingizi mzito na asubuhi nyepesi.

Tunahama Jumamosi ya tarehe 27. Anwani hiyo iliyo juu usiitumie tena, na mpya sina bado. Ukiandika, andika kwa Fundi Viatu, Chumba cha 2, jengo hili hili, yeye anabaki. Nilishuka jana kumwomba anipokelee barua zako. Alikuwa anashona soli, hakuinua uso. Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno, kisha akanyoosha kidole kwenye rafu, pale juu, akaniambia barua zako zitakaa pale.

Mdogo wako anayekupenda na kukuwaza,
Wa chumba cha 9, hadi tarehe 27.